Kisawe si Fasili: Historia ya Istilahi za Uhakiki chini ya Herufi P

Utangulizi

Mwalimu wa fasihi akifungua kamusi kubwa ya Kiingereza na Kiswahili kwenye herufi P, atakutana na maneno mengi anayoyahitaji darasani: "plot", "poetry", "prose", "play", "proverb", "parable", "personification", "protagonist". Akivuka upande wa pili wa kila neno, ataona kwamba majirani hawa wametawanyika. Kuna ushairi, nathari, tamthilia, methali, mfano, tashihisi, mhusika mkuu. "Plot" peke yake ina majina mawili, ploti na msuko.

Makala hii inachunguza jinsi istilahi hizi zilivyoingia katika uhakiki wetu. Tunahoji kwamba kwa muda mrefu kamusi za lugha mbili zilitupa visawe bila fasili. Aidha, tunahoji kwamba kila kisawe kilikuja na maana yake ya asili, ambayo mara nyingi si ile ya neno la Kiingereza lililo mkabala nacho. Suala hili si la wanaleksikografia pekee. Linamhusu mtahiniwa anayeandika "uhaishaji" mahali ambapo mwalimu wake anatarajia "tashihisi", na anayepoteza alama bila kujua alichokosea.

Kamusi iliyoulizwa na mgeni

Kamusi za kwanza za Kiswahili zilizochapishwa ziliandikwa na wamisionari. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844. Kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiingereza ilichapwa London mwaka wa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Edward Steere, wa misheni ya Kianglikana ya Unguja, alitoa kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha Unguja mwaka wa 1870. Arthur Cornwallis Madan wa misheni hiyohiyo alichapisha kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka wa 1894, kisha ile ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka wa 1903.

Wakatoliki nao hawakubaki nyuma. Shirika la Roho Mtakatifu, lililofungua misheni ya Bagamoyo mwaka wa 1868, lilikuwa na Padri Charles Sacleux. Kamusi yake ya Kifaransa kwa Kiswahili ilitoka Zanzibari mwaka wa 1891. Kazi yake kubwa zaidi, ya Kiswahili kwa Kifaransa, ilianza kutoka Paris mwaka wa 1939. Ina kurasa zaidi ya 1,000 na imejaa maneno ya lahaja za pwani, kuanzia kaskazini hadi kusini.

Hapa ndipo Muthangari inapoingia katika historia hii. Mwaka wa 1899, mwaka uleule reli ilipofika Nairobi, mapadri wa shirika hilo walipanda kutoka pwani wakaanzisha misheni ya St. Austin's magharibi mwa mji uliokuwa ukichipuka, katika eneo la Muthangari na Lavington. Wakulima wanaikumbuka misheni hiyo kwa kahawa. Sisi walimu wa lugha tuna sababu nyingine ya kuikumbuka. Shirika lililokuwa limekwisha kuwa na kamusi na sarufi ya Kiswahili lilikuwa sasa limepiga kambi miongoni mwa Wakikuyu, watu ambao Kiswahili hakikuwa lugha yao ya kwanza. Misheni kama hizo zilikuwa njia mojawapo ya Kiswahili cha vitabuni kupandia bara.

Tukumbuke kamusi hizo ziliandikiwa nani. Kamusi ya mwaka wa 1894 ilimwandikia Mwingereza aliyejua neno la Kiingereza na kutaka neno la kumwambia Mswahili. Mtu huyo hakuhitaji kuelezwa maana ya "play" au "prose". Maana alikuwa nayo tayari. Alihitaji kisawe, naye akapewa kisawe. Kiingereza kiliuliza, Kiswahili kikajibu. Mpango huo ulimfaa mgeni vizuri. Tatizo lilikuja pale kitabu hicho, au watoto na wajukuu wake, kilipoingia mikononi mwa mwanafunzi Mwafrika ambaye hakuijua maana ya neno la Kiingereza wala ya kisawe chake. Huyo alipewa mlango wenye vitasa viwili bila ufunguo hata mmoja.

Usanifishaji haukubadilisha mpango huo. Baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 kuichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, Kamati ya Lugha ya Nchi za Afrika Mashariki iliundwa mwaka wa 1930, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Johnson alitoa kamusi ndogo ya Kiswahili kwa Kiswahili mwaka wa 1935. Hata hivyo, kamusi zilizotawala shule na ofisi kwa miongo iliyofuata ni zile mbili za mwaka wa 1939 zilizotoka baada ya kifo chake: ya Kiingereza kwa Kiswahili na ya Kiswahili kwa Kiingereza. Katika miaka ya 1940 kamati yenyewe ilikuwa na makao Nairobi, kabla ya kuhamia Makerere, Mombasa na hatimaye Dar es Salaam.

Herufi na ngeli

Kabla hatujazigusa istilahi zenyewe, inafaa tuulize herufi ya kwanza ina thamani gani katika Kiswahili. Katika Kiingereza, herufi ya kwanza ya nomino kwa kawaida ni sehemu ya neno lenyewe. Katika Kiswahili, nomino nyingi huanza na kiambishi cha ngeli. Msuko, mhusika, mtunzi na mchezo zote zimekusanyika chini ya M, lakini kilichozikusanya ni ngeli, si maana. Ndiyo maana kamusi za Johnson ziliziweka nomino nyingi chini ya vitenzi vyake: aliyetaka "mchezo" alipaswa kuitafuta kwenye "cheza". Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka wa 1981 iliziorodhesha nomino kama zinavyotamkwa, na mwanafunzi akapata nafuu ya kutafuta. Alichopoteza ni kuona kwa macho kwamba mchezo ni mtoto wa kucheza na msuko ni mtoto wa kusuka.

Kuna jambo la pili. Kiarabu hakina sauti ya P. Kwa hiyo istilahi zetu zenye asili ya Kiarabu, kama vile ushairi, nathari, tashihisi, tamthilia na methali, hazingeweza kuanza na herufi hiyo. Katika orodha yetu, neno la Kiswahili linaloanza na P ni ploti tu, nalo limetoholewa moja kwa moja. Herufi moja ya Kiingereza basi imetawanywa na njia tatu: kukopa kutoka Kiarabu, kunyambua kutoka mizizi ya Kibantu, na kutohoa kutoka Kiingereza. Kila njia ina fasili yake.

Ushairi na nathari

Tuanze na "poetry". Neno hili lina asili ya Kiyunani, katika kitenzi chenye maana ya kutengeneza. Mshairi kwa fasili hiyo ni fundi. Shairi, kwa upande wake, linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuhisi na kutambua. Mshairi kwa fasili hii ni mtu aliyeng'amua jambo. Lakini Kiswahili hakikutosheka na mkopo huo. Kwa kitendo chenyewe kilibaki na "kutunga", neno lilelile tunalotumia kwa shanga. Anayetunga mashairi na anayetunga ushanga wote huchukua vitu vilivyo mbalimbali wakavipitisha kwenye uzi mmoja. Hivyo Mswahili alikuwa na fasili mbili za sanaa hii, moja ya hisi na moja ya ufundi, kabla Madan hajachapisha kamusi yake.

Ndiyo sababu ushairi haukuhitaji msaada mkubwa wa herufi P. Vina, mizani, mishororo, beti, kituo na urari ni istilahi za wenyewe. Sheikh Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri jijini Nairobi mwaka wa 1954, hakuwa akitafsiri kitabu cha Kiingereza. Alikuwa akiziandika kanuni ambazo watunzi walizijua. Mjadala mkali kuhusu mashairi huru uliozuka baadaye uliweza kuwa mkali kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na msamiati wa kubishania.

"Prose" ina hadithi tofauti. Neno hili linatokana na Kilatini, kwa maana ya usemi unaokwenda moja kwa moja. Nathari inatokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kutawanya. Waarabu walilinganisha nathari na nadhamu, yaani maneno yaliyopangwa kama lulu kwenye uzi. Nathari ni lulu zilizomwagika. Angalia basi: kwa Mlatini nathari ni njia iliyonyooka, na kwa Mwarabu ni shanga zilizotawanyika. Fasili ya kwanza inaisifu, ya pili inaiona kama kitu kilichokosa uzi. Mwanafunzi anayeambiwa tu kwamba "prose" ni nathari hapati hata moja kati ya picha hizi mbili. Anayeelezwa picha ya shanga ataelewa mara moja kwa nini nathari huelezwa kwa kulinganishwa na ushairi, kwa kuwa neno "kutunga" analo nyumbani.

Ploti na msuko

Katika mitaa ya Nairobi, ploti ni kipande cha ardhi, au ua wenye vyumba vya kupanga. Mwanafunzi wa Muthangari anasikia neno hili kwa madalali na kwa wazazi wanaotafuta mahali pa kujenga. Anapoingia darasani akaambiwa aeleze ploti ya riwaya, si ajabu akatabasamu. Lakini tabasamu lake lina ukweli wa kihistoria. Maana kongwe ya "plot" katika Kiingereza ni hiyohiyo: kipande cha ardhi. Baadaye neno likawa ramani ya ardhi, kisha mpango, kisha njama, na kufikia karne ya 17 likawa pia mpango wa matukio katika hadithi au mchezo. Mtoto wa Nairobi ameanza pale Kiingereza chenyewe kilipoanza. Utohozi haukumpa hatua zilizofuata.

Msuko hauna haja ya safari hiyo. Unatokana na kusuka: nywele, mkeka, ukili. Anayesuka huchukua nyuzi kadhaa, huzipitisha moja juu ya nyingine, na uzi uliofichika hapa hujitokeza pale. Picha hii inafafanua riwaya yenye visa vingi kuliko picha ya ramani. Mwanafunzi aliyewahi kuona ususi anaweza kuulizwa: katika riwaya hii kuna nyuzi ngapi? Ni wapi zinapopishana? Ni uzi gani ulioachwa bila kufungwa? Maswali hayo tayari ni uhakiki.

Hata hivyo tusiupendelee msuko kupita kiasi. Ndani ya "plot" kuna wazo la sababu na matokeo: tukio hili lilitokea kwa kuwa lile lilitangulia. Msuko unaonyesha mpishano wa visa, lakini hausemi kitu kuhusu sababu. Mwalimu anayetumia neno msuko hana budi kuiongeza sababu katika fasili yake, la sivyo wanafunzi watamwandikia muhtasari wa matukio wakidhani wameeleza msuko.

Tashihisi na uhaishaji

Hapa ndipo penye hasara kubwa zaidi. Kwa "personification", vitabu vyetu vimetumia tashihisi, na vilevile uhaishaji au uhuishi. Mara nyingi vinawekwa pamoja kwa mkwaju, kana kwamba ni kitu kimoja. Tashihisi inatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mtu, nafsi. Ni kukifanya kisicho mtu kiwe mtu. Uhaishaji unatokana na hai. Ni kukifanya kisicho na uhai kiwe hai.

Tofauti hii si ya kuchezea maneno. Tukisema "upepo ulikuwa ukihema", upepo umepewa uhai, lakini hata ng'ombe huhema. Tukisema "upepo ulitucheka kwa dharau", upepo umepewa nafsi ya kibinadamu, yenye akili na kiburi. Mfano wa kwanza ni uhaishaji bila kuwa tashihisi kamili. Wa pili ni tashihisi. Na je, sungura wa ngano anayezungumza na kula njama? Yeye ni hai tangu mwanzo, hivyo hahitaji kuhaishwa. Amefanywa mtu tu.

Kiingereza kina neno moja pale ambapo Kiswahili, kwa bahati ya historia, kina mawili. Badala ya kuona utajiri, tumeona usumbufu, tukalazimisha visawe viwili viwe kimoja kwa sababu upande wa pili wa kamusi kuna neno moja. Mtahiniwa anayeandika moja akasahihishwa kwa jingine ameadhibiwa kwa kosa lisilo lake. Mtahiniwa anayeandika yote mawili bila kujua tofauti amepewa alama kwa kitu asichokijua. Kati ya hasara hizi mbili, ya pili ni kubwa zaidi kwa kuwa haionekani.

Tamthilia, methali na mfano

Maneno matatu ya Kiingereza, "play", "proverb" na "parable", hayana undugu. La kwanza ni la Kiingereza cha kale, kwa maana ya mazoezi na michezo. La pili ni la Kilatini, la tatu la Kiyunani. Kinachoyaunganisha ni herufi P tu.

Katika Kiswahili mambo ni kinyume. Tamthilia na methali hazina herufi moja ya mwanzo, lakini zina mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kufanana, mzizi uleule wa "mithili". Methali ni jambo linalofananishwa na jambo. Tamthilia ni watu wanaofananishwa na watu. Watafsiri wa Biblia waliita kitabu kimoja Mithali na visa vya Yesu mifano, na hata hapo wazo ni lilelile la kufananisha. Alfabeti ya Kiingereza iliwapanga wageni kama ndugu. Mzizi wa Kiarabu uliwazaa ndugu wa kweli ambao alfabeti yetu imewatenganisha kati ya M na T.

"Mchezo wa kuigiza", nao, ulikuwa jina lililozoeleka kwa maonyesho ya jukwaani. Mwaka wa 1957 zilichapishwa tamthilia za mwanzo za Kiswahili kutoka Kenya, zikiwemo za Graham Hyslop na Nakupenda, Lakini ya Henry Kuria. Jina mchezo linatukumbusha jukwaa, vicheko na watazamaji. Tamthilia inatukumbusha maandishi na ufananisho. Mwalimu anayesoma tamthilia darasani bila hata mara moja kuwasimamisha wanafunzi waigize amechagua fasili moja akaiacha nyingine.

Kutoka kisawe hadi fasili

Uhakiki wa Kiswahili kwa Kiswahili ulijijenga taratibu. Farouk Topan, aliyeanzisha ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alihariri Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili mwaka wa 1971. Mwaka huohuo jarida la Mulika lilianza. Nairobi nako, mwaka wa 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor Anyumba walikuwa wamedai Idara ya Kiingereza ivunjwe ili fasihi ya Afrika iwe kitovu. Walitoa hoja yao kwa Kiingereza, kwa idara ya Kiingereza. Kazi ya kuihakiki fasihi kwa lugha ya Kiafrika ilibaki kwa wahakiki wa Kiswahili, ambao walilazimika kuunda istilahi huku wakizitumia, kama fundi anayechonga patasi akiwa tayari juu ya paa.

Nchini Kenya haja ikawa ya dharura. Tume ya Mackay ya mwaka wa 1981 ilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima, na mfumo wa 8-4-4 ukaanza mwaka wa 1985. Mtihani wa KCSE ulipoanza mwaka wa 1989, maelfu ya wanafunzi walihitaji istilahi za fasihi kwa wakati mmoja. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya TUKI ilitoka mwaka wa 1996, lakini hiyo nayo ilikuwa ya lugha kwa jumla. Ni mwaka wa 2003 ambapo Kyallo Wadi Wamitila alichapisha Nairobi Kamusi ya Fasihi: Istilahi na Nadharia, na mwalimu wa sekondari akapata kitabu kinachomweleza dhana za fasihi kwa Kiswahili. Kati ya kisawe cha mwaka wa 1894 na fasili ya mwaka wa 2003 ni miaka 109.

Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na historia hii tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila istilahi ifundishwe pamoja na mzizi wake. Dakika mbili za kueleza kusuka au kutunga zina faida kuliko ukurasa mzima wa orodha. Pili, pale Kiswahili kilipo na istilahi mbili kwa neno moja la Kiingereza, mwalimu aulize kwanza kama kuna dhana mbili. Zikiwa ni dhana moja, majina yote mawili yakubaliwe. Zikiwa ni mbili, tofauti ifundishwe na ipewe alama. Tatu, anayesahihisha atazame maelezo na mfano wa mtahiniwa kabla ya kulitazama jina. Aliyeeleza dhana barabara na kutoa mfano sahihi kutoka matini ameonyesha anaijua, hata akitumia jina lisilo kwenye mwongozo.

Haya yanahusu pia wanafunzi wa mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka wa 2019, ambao wanatarajiwa kuonyesha wanachoweza kufanya badala ya kukariri. Ajuaye majina manane ya herufi P bila kuweza kuitumia hata dhana moja kwenye hadithi asiyoisoma kabla hajapata umilisi wa fasihi.

Kamusi za wamisionari zilifanya kazi zilizokusudiwa, nasi tungali tunanufaika nazo. Lakini ziliandikwa kwa mtu aliyekuja na maana akitafuta neno. Mwanafunzi wetu anakuja na neno akitafuta maana, na anayepaswa kumpa ni mwalimu aliye mbele yake.